Kredo Imeenda Wapi? Rada Yote ya Simu na Intaneti Ukitoka Kenya

Basi ya usiku ya Kampala ikishavuka Malaba, simu za abiria hulia karibu pamoja. Ni ile meseji ya kukukaribisha Uganda, na bei zimeandikwa pale chini kwa maneno hakuna mtu husoma saa kumi alfajiri. Wengi hurudi kulala. Kufika Jinja, kuna mmoja lazima ashtuke kredo ya mia tano imeyeyuka na hajapigia mtu hata mmoja.

Hiyo kitu inaitwa romingi: laini yako ya Kenya kutumia minara ya kampuni ya nchi ingine. Si wizi, na si ati simu imeingiwa na mdudu. Ni mambo ya nani alikubaliana na nani, na wewe haukuwa kwa hiyo mkutano. Hapa tumekuwekea vile inafanya kazi, pesa huishia wapi, na ufanye nini kulingana na mahali unaenda, juu Kampala si Dubai, na Dubai si Guangzhou.

Nani analipwa?

Ukiwasha simu Entebbe, mnara wa pale unaona laini ya mgeni. Unauliza kampuni yako Nairobi: huyu ni wenu, na ako sawa? Ikijibu ndio, unapata mtandao. Kuanzia hapo kila dakika, kila meseji na kila MB inaandikwa, alafu kampuni ya pale inatumia kampuni yako bili kwa bei ya jumla yenye walipatana. Kampuni yako inaongeza yake juu, ndio inafika kwako.

Kwa hivyo umbali hauna kazi hapa. Arusha iko karibu na Nairobi kushinda Mombasa, lakini kwa laini yako Mombasa ni nyumbani na Arusha ni ng'ambo. Kama makubaliano ni mazuri, unalipa kidogo. Kama ni mabaya ama hakuna, unalia.

Kitu hukasirisha watu zaidi ni kulipia simu ya kupigiwa. Sababu iko, hata kama inauma. Mathee akikupigia kutoka Nakuru, yeye anajua anapigia laini ya Kenya, na analipa bei ya Kenya. Hajui uko Istanbul. Sasa ile safari ya sauti kutoka Nairobi mpaka Istanbul lazima mtu ailipie, na kwa sheria za hii biashara huyo mtu ni wewe. Ndio maana boyi wa mtaa mwenye hupiga "niaje, uko wapi?" kwa dakika kumi na mbili anaweza kukutoa pesa ya lunch.

Kuna mtego mwingine hapo. Kama umewasha ile huduma ya kuachiwa ujumbe wa sauti, na ukose kushika simu ukiwa nje, hiyo simu inaweza kuja mpaka huko uliko, ikose jibu, alafu irudishwe Kenya kwa ule ujumbe. Imesafiri mara mbili na haujaongea na mtu. Zima hiyo huduma kabla utoke.

Intaneti nayo iko na mzunguko wake. Ukitumia data ya laini ya Kenya ukiwa nje, mara nyingi haiingii intaneti pale pale. Inapelekwa kwanza mpaka kampuni yako huku nyumbani, inaingia intaneti kutoka huku, alafu inarudi. Ndio sababu huwa pole, na ndio sababu matangazo unaonyeshwa bado ni ya Kenya hata kama uko kwa baridi ya Berlin. Shika hii maneno ya mzunguko, tutaihitaji tukifika Dubai na China.

Hii story ya mipaka, East Africa tulianza kitambo

Watu hupenda kusifu Ulaya ati huko unavuka nchi tano na bando moja. Ni ukweli, tangu Juni 15, 2017 mtu mwenye laini ya nchi ya Umoja wa Ulaya anatumia simu nchi zingine za huo umoja kwa bei ya nyumbani. Lakini sisi tulikuwa na kitu karibu kama hiyo miaka kumi na moja mbele yao. Septemba 2006 Celtel, ile kampuni ilianzishwa na Mo Ibrahim, ilifungua One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Nairobi alikuwa anafika Kampala ama Dar, anapigiwa bure, anapiga kwa bei ya mwenyeji, na anaweka kredo ya pale pale. Baadaye Celtel ikageuka Zain 2008, alafu 2010 ikanunuliwa na Bharti Airtel. Wenye walikuwa na simu za kabambe enzi hizo wanakumbuka vile washindani walilazimika kutafuta marafiki ng'ambo ya boda haraka haraka.

Serikali nazo ziliingia kitu 2014. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa na eneo moja la mtandao: ukipigiwa ukiwa kwa hizo nchi, haulipi, na bei ya kupiga ikawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwa ndani wakati huo inaanza. Ndio maana enzi hizo msee wa biashara ya Busia na msee wa biashara ya Namanga wangekuambia vitu tofauti kabisa kuhusu romingi, na wote wako sawa.

Lakini cheki hapa vizuri: ile makubaliano ilianza na sauti. Data ikaachwa nyuma. Na sisi wa sai ni nani hupiga simu ya kawaida? Mtu anaingia Kigali akijua "East Africa ni moja," anafungua TikTok, na anakutana na bei yenye haijui mambo ya undugu. Kabla utoke, uliza kampuni yako maswali mawili separeti: dakika ni ngapi, na MB moja ni ngapi. Ukijibiwa moja tu, haujajibiwa.

Simu kwa mfuko ndio hukula pesa

Wengi hujitetea, "Lakini sikuwa natumia." Wewe haukuwa unatumia. Simu ndio ilikuwa inatumia. Huku nyumbani hauoni juu uko na waifai ya keja ama bando ya siku.

Tuchukue mfano, na hii ni bei ya mfano tu: tuseme MB moja ni bob 20. Ulipiga picha 200 ukiwa njiani, kila moja ni kama MB 3. Simu ikaamua kuzipandisha kwa hifadhi ya mtandaoni usiku ukilala. Hiyo ni MB 600, thao kumi na mbili. Programu moja ikajipa apdeti ya MB 150, thao tatu. Ukaamka ukaangalia Netflix saa moja. Netflix wenyewe husema ubora wa kati hutumia kama GB 0.7 kwa saa, kwa hivyo ongeza thao kumi na nne. Ishafika elfu ishirini na tisa na haujakunywa chai.

Muziki ni mpole, saa moja ya Spotify kwa ubora wa kawaida ni kama MB 43. Meseji za WhatsApp za maandishi ni kitu kidogo sana. Simu ya sauti ya WhatsApp iko chini ya MB moja kwa dakika. Shida iko kwa video, na zile video hujicheza zenyewe ukipita pita Instagram na X.

Kwa hivyo kabla ndege ipae ama basi itoke, fanya hizi ukiwa bado kwa waifai. Zima data ya romingi kwa mipangilio ya simu, hiyo swichi iko kando na data ya kawaida. Zima bakapu ya picha na apdeti za programu ziwe za waifai peke yake. Kwa WhatsApp, zima ile ya kushusha picha na video zenyewe, iko na sehemu yake kabisa ya ukiwa romingi. Shusha ramani ya mji wenye unaenda kwa Google Maps ndio uitumie bila data. Hiyo ya ramani watu hudharau, alafu wanafika stendi usiku, hakuna mtandao, na boda wa pale anaona kabisa ni mgeni.

Na kama umenunua bando ya romingi, soma inafanya kazi kwa kampuni gani huko. Bando ingine hufungwa kwa kampuni moja tu ya nchi hiyo. Simu ikishika mnara wa kampuni ingine, bando imekaa pale ikikuangalia na wewe unakatwa kredo kavu. Chagua mtandao mwenyewe kwa mipangilio, usiachie simu.

Wenye wanaishi bodani

Hii inahusu watu hawajaenda mahali popote. Ukiwa Namanga, Taveta, Loitokitok, Lunga Lunga, Busia ama Malaba, mnara wa jirani unaweza kuwa na nguvu kushinda wako. Simu haina uzalendo. Ikipoteza ya nyumbani inashika yenye iko, na kama data ya romingi iko on, unalipa ya ng'ambo ukiwa umeketi kwa duka lako Kenya. Dawa ni ile ile: zima data ya romingi na uchague mtandao wako kwa mkono. Kasoro ni moja, ukirudi Nairobi kama ulikuwa umechagua wa nje utakaa bila mtandao mpaka ukumbuke kurudisha. Ukiona simu imekufa ghafla ukitoka boda, angalia hapo kwanza kabla ukimbie kwa fundi.

Kununua laini ya pale

Kwa safari ya siku nyingi kidogo hapa East Africa, laini ya mwenyeji bado ndio bei poa kwa data. Lakini kuna vitu viwili.

Kwanza, karatasi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda na kitambulisho tu. Hiyo ni poa kwa boda. Kwa duka la laini, mgeni kawaida huulizwa pasipoti. Tanzania nao wanasajili laini kwa alama za vidole. Kwa hivyo ukienda na kitambulisho peke yake, jipange na bando ya romingi. Na kama kuna kijana kando ya barabara anakuuzia laini "imesajiliwa tayari," ujue imesajiliwa kwa jina la mtu. Huyo mtu akiwa na kesi, wewe ndio uko na laini yake mfukoni.

Pili, ukinunua laini ya pale unaingia kwa sheria za pale. Uganda walikuwa na kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 za Uganda kwa siku kuanzia Julai 2018. Julai 2021 wakaitoa, wakaweka ushuru wa asilimia 12 kwa data yenyewe, kwa hivyo sai unaulipa ndani ya bando bila kuona. Na Facebook ilifungwa huko Januari 2021 wakati wa uchaguzi. Msee wa kuuza viatu kwa Facebook anafika Kampala, ananunua laini, ukurasa unakataa kufunguka, anadhani ameuziwa bando feki. Si feki. Sasa kumbuka ule mzunguko: akirudisha laini ya Kenya kwa romingi, mara nyingi ukurasa unafunguka, juu intaneti yake inatokea Nairobi.

Dubai, Doha, Muscat: mahali WhatsApp hunyamaza

Hapa ndio kuna maumivu, na si ya watalii. Maelfu ya mabinti na maboyi wetu wako Gulf wakifanya kazi za nyumbani, hoteli, ulinzi na udereva. Siku ya kwanza, mtu anataka tu kuambia nyumbani amefika. Ananunua laini, anaweka bando, anafungua WhatsApp, meseji inaenda. Anapiga simu ya video. Inaita, inasema inaunganisha, inakata. Anapiga tena. Nyumbani mathee anaona simu imeingia ikakatika mara sita na anaanza kuwaza mabaya.

Hakuna kitu kimemfanyikia. Falme za Kiarabu hufunga simu za WhatsApp na FaceTime, meseji pekee ndio zinapita. Simu za intaneti huko zinahitaji programu zenye zina leseni, na yenye wafanyakazi wengi hutumia inaitwa BOTIM. Zoom na Microsoft Teams pia zimeruhusiwa. Oman na Qatar nako kumekuwa na vizuizi kama hivyo. Saudi ilitangaza kufungua simu za intaneti Septemba 2017.

Kwa hivyo kama kuna mtu wenu anaenda, kazi ifanyike kabla ya JKIA. Wekeni BOTIM kwa simu yake na kwa simu ya nyumbani pia, mjaribu kuongea mkiwa sebuleni. Ukingoja afike ndio uanze kufundisha shosho programu mpya kwa meseji, mtamaliza mwezi. Ama mtu akubali ana laini ya Kenya yenye iko na bando ya romingi kwa siku mbili tatu za kwanza, juu kwa ule mzunguko simu za WhatsApp mara nyingi hupita.

Kuhusu VPN, watu hushauriana ovyo sana kwa magroup. Sheria ya Falme za Kiarabu inasema ukificha anwani yako ya intaneti ili utende kosa ama lisijulikane, faini ni kati ya dirham 500,000 na milioni 2. Hiyo ya chini pekee ni mamilioni ya shilingi za Kenya. Kwa mtu ameenda kutafuta, huo ni mchezo wa kuwachia wengine.

Meseji ya sauti ya kurekodi hupita kama meseji ya kawaida, na wengi ndio wanaishi nayo. Ni bure ukiwa na waifai, ni ndogo, na unaisikiza mkubwa wa kazi akilala.

Guangzhou na simu za Luthuli

Wafanyabiashara wa Kamukunji na Luthuli wanajua hii vizuri. China WhatsApp, Google, Instagram na Facebook zimefungwa. Ukinunua laini ya China, utakuwa na intaneti ya speed na hakuna mahali pa kwenda. Supplier anataka muongee kwa WeChat, customer wako Nairobi ako WhatsApp, na wewe uko katikati umeshika picha za viatu. Hapa romingi yenye watu huchukia inageuka dawa, juu data ya laini ya Kenya, ama ya eSIM ya wasafiri, inazunguka nje ya China na WhatsApp inafunguka. Waifai ya hoteli haitakusaidia, hiyo inatokea China. Kwa hivyo bando ya romingi ya China si anasa, ni gharama ya biashara kama kontena. Fungua WeChat ukiwa bado Kenya, juu kuna wakati inataka mtu mwingine akudhibitishie, na huko utakuwa hauna rafiki bado.

Ulaya na Marekani

Ulaya fupi fupi: ile raha ya bei ya nyumbani ni ya laini za huko, si yako ya Kenya. Nunua laini moja ya nchi ya Umoja wa Ulaya na itakutembeza Paris, Rome mpaka Amsterdam, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein. Uswisi haiko ndani, na treni kutoka Ufaransa kwenda Italia inaweza kukupitisha huko bila wewe kujua. Uingereza nayo ilitoka na Brexit, kampuni kadhaa za huko zikarudisha malipo ya romingi. Kwa hivyo laini ya London isikudanganye ukienda Paris.

Marekani hakuna mambo mengi, ila bei ya data huko si ya Kenya. Kama unakaa kwa watu wako, tumia waifai yao na ukae nayo.

Ndege na meli ni kitu ingine kabisa. Kuna ndege na meli ziko na mtandao wao wa simu unaopita kwa setilaiti, na bei yake haifuati makubaliano ya nchi yoyote. Simu ikishika huo mtandao ukilala, utaamka umeokwa. Weka hali ya ndegeni na uiwache hapo.

eSIM, na iPhone ya "ex-US"

eSIM ni laini haina kadi. Unanunua mtandaoni kwa kampuni kama Airalo, Holafly ama Saily, unaskani msimbo, laini inaingia ndani ya simu. Ukifika, unawasha. Nyingi ni za data peke yake, hazina namba ya kupigiwa, na zinalipwa kwa kadi na dola. Kwa nchi moja kwa siku chache, mara nyingi bei yake inapiga romingi ya kawaida. Iweke ukiwa na waifai nyumbani, na usiifute ukidhani utairudisha, nyingi zikifutwa zimeenda.

Kujua kama simu yako inakubali, piga *#06#. Ukiona namba ndefu imeandikwa EID, iko. iPhone zilianza na XS na XR za 2018, Samsung za Galaxy S zikaanza na S20. Simu nyingi za bei ya chini hazina.

Sasa hapa ndio wasee wa Nairobi huchomeka. iPhone 14 na za juu zenye zilitengenezewa soko la Marekani hazina mahali pa kuweka kadi ya laini kabisa. iPhone 17 ziliongeza nchi, zile za Falme za Kiarabu na Saudi pia hazina. Kwa hivyo umenunua "ex-US" safi, uko nayo Kampala, umefika kwa kibanda, dada amekusajili vizuri, anakupa kadi, na hakuna shimo. Kinyume chake, iPhone nyingi za China bara zinabeba kadi mbili lakini hazina eSIM, kwa hivyo hiyo njia ya Airalo imefungwa. Na kama simu imefungwa kwa kampuni ya Marekani, hakuna laini ya mtu mwingine itakubali, iwe kadi ama eSIM. Kwa iPhone ingia Settings, General, About, uangalie kama imeandikwa "No SIM restrictions." Angalia ukiwa bado kwa duka, si ukiwa Kigali.

Ukishaweka eSIM, seti hivi: data iwe ya eSIM, laini ya Kenya ibaki on kwa meseji tu, data yake ya romingi off. Kwa iPhone kuna swichi ingine inaruhusu simu kuhamisha data kwa laini ingine mtandao ukiwa mbaya. Zima hiyo. Hiyo moja imekula watu wengi kimya kimya. WhatsApp ikiuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa, itabaki ya Kenya.

Usiue laini ya Kenya

Wengine husema dawa ni rahisi, toa laini ya Kenya uweke kwa pochi. Kwa wikendi sawa. Kwa miaka miwili ya kandarasi Riyadh, hapana. Hiyo namba ndio M-Pesa yako, ndio benki hutuma misimbo, ndio imefungua barua pepe na eCitizen yako. Laini yenye haitumiki kwa miezi inaweza kuzimwa, na namba ipewe mtu mwingine. Huyo mtu akiweka WhatsApp, anaulizwa msimbo, na msimbo unakuja kwake.

Kwa hivyo washa huduma ya romingi kabla utoke Kenya, juu kuiwasha ukiwa nje ni kazi ngumu. Kupokea meseji ukiwa romingi kwa kawaida ni bure, misimbo ya benki itakufikia bila gharama. Omba kampuni yako iifunge laini isibadilishwe kadi na mtu mwingine ukiwa mbali, hao wezi hupenda sana laini ya mtu ako nje juu hataona simu imepoteza mtandao. Na kila baada ya wiki kadhaa, mtu wa nyumbani akutumie kredo ya mia na uitumie, hata kama ni kutuma meseji moja.

Kitu ya mwisho ndogo: namba zote umeandika zikianza na 07 ama 01 zinaweza kukataa ukiwa nje. Ziandike upya na +254. Hata ile ya huduma kwa wateja, zile namba fupi za tarakimu tatu kawaida hazishiki ukiwa nchi ya watu, kwa hivyo tafuta ile ndefu ya kampuni yako sai na uiandike kwa karatasi iingie kwa pasipoti, juu siku utaihitaji simu inaweza kuwa imeibwa.